Njiwa Aliyeshiba

Mwezi uliopita nilipita mtaa wa Nkuhungu nikakuta banda la njiwa la Bibi limevunjwa, pamejengwa vyumba vya kupanga. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mama mmoja akaniuliza kama natafuta chumba. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.

Ungemwona Bibi kanisani usingeamini ninayokusimulia. Kila Jumamosi jirani yetu alipakia baadhi ya njiwa wake na wetu kwenye tenga, akawapeleka kwa baiskeli kuwaachia mbali, kule Mkonze, washindane kurudi. Wa kwetu aliyefika wa mwisho hakulala tena bandani. Bibi alimnyonga shingo kwa mkono mmoja, mabawa yakimpiga usoni, kisha akawafuata makinda wake kiotani, nao akawaua. "Uvivu uko kwenye damu," alisema. "Mimi sifugi mapambo." Mchana tulikula mchuzi wa njiwa huyo kwa ugali wa uwele. Ulikuwa mtamu, na niliomba nyongeza.

Kulikuwa na jike wa kijivu mwenye makinda wawili, aliyezoea kutulia kiganjani mwangu. Zamu yake ilipokaribia niliwaza siku tatu. Je, akichoka? Je, akikutana na mwewe? Asubuhi ya safari nikamlisha uwele, konzi baada ya konzi.

Alirudi wa mwisho, akiruka chinichini.

"Mama, huyo wako kaja kwa miguu?" jirani akacheka.

Bibi akamnyonga. Makinda akawabamiza ukutani, mmoja, halafu wa pili. Damu ikamrukia kwenye kanga.

Alipompasua yule jike, kifuko cha shingoni kilikuwa kimejaa uwele. Jirani akaacha kucheka. Kila mfugaji anajua njiwa wa mashindano hurushwa akiwa na njaa, awe mwepesi na awahi kurudi kula.

"Nani kamlisha?"

"Mimi, Bibi. Apate nguvu."

Nilingoja fimbo. Hakunipiga. Alichambua punje kwenye damu, akaziosha, akawatupia waliobaki. Wakazigombania.

"Kumbe alikuwa mzuri," alisema taratibu. "Kabeba shibe yote hiyo, na kafika."

Hakushindanisha njiwa tena. Sasa hata yeye tumeshamzika, na alfajiri za Nkuhungu hazina mlio wa njiwa, ni pikipiki tu. Lakini kinachonikosesha raha ni hiki: siku ile, kabla ya kumnyonga, Bibi alimshika kwanza, akampapasa mabawa, akamgeuza. Muda wa kusema "nimemlisha" ulikuwepo. Mimi nilikuwa bado nafikiria nianzeje.