Swila Katika Nyumba ya Marehemu

Nyoka simchukii. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoeleza habari ya jicho la mama, watu huguna na kuanza kuwalaani nyoka, kisha wananihadithia koboko waliyemuua huko Masagati au chatu aliyemeza mbuzi wa shemeji yao. Nawaacha wamalize. Nyoka alifanya kazi yake ya unyoka. Hasira zangu ziko kwa watu, tena watu wa damu yangu, na mpaka leo zikinipanda naacha cherehani nikatembee kwanza, maana nitashona mshono kombo na kitambaa cha watu kitaharibika.

Mimi naishi Kibaoni, hapo Ifakara, nashona nguo. Nyumbani tulikozaliwa ni chini ya mlima, karibu na Sanje. Upande mmoja kuna msitu, upande wa pili mashamba ya mpunga, na nyoka akitaka kutoka huku kwenda kule anapita uwanjani kwetu. Baba alilijua hilo. Alifyeka majani kuzunguka mji wote, alikataza kuni zisiegemezwe ukutani, na jioni uwanja ulifagiliwa mpaka ukabaki mchanga mtupu ili asubuhi asome nani kapita. "Leo kapita mnene," alikuwa akisema, hajanawa hata uso, halafu anafuata mburuzo mpaka aone umeishia wapi. Nyuma ya mlango aliweka fimbo ndefu ambayo haikuwa na kazi nyingine. Sikumbuki hata siku moja baba akimwonea nyoka huruma, na hilo naomba likumbukwe.

Baba alipofariki, tulichanga ndugu wote tukamjengea mama nyumba ndogo ya bati pembeni ya ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa ya matofali mabichi na nyasi, na ilipaswa kubomolewa. Lakini kwenye ukoo wetu nyumba ya marehemu haibomolewi na mtu yeyote tu. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayekuja, watu wanakaa kikao, pombe kidogo inamwagwa mlangoni, naye anaangusha tofali la kwanza kwa mkono wake. Baada ya hapo hata mpita njia anaweza kusaidia. Kabla ya hapo hagusi mtu.

Sina ugomvi na mila hiyo. Iliwekwa zamani, wakati mtoto wa kwanza anaishi ng'ambo ya kijito na akiitwa kwa sauti anasikia. Wa kwetu anaishi Dar es Salaam. Alisema atakuja Krismasi. Krismasi ikapita, akasema Pasaka. Pasaka akasema kazini wamembana, tusubiri mvua zikate. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo yaliyoumia hayakuwa yake. Paa likaanguka upande mmoja. Kichuguu kikaota sebuleni. Panya wakahamia kwenye magunia ya pumba yaliyosahaulika chumbani, na kuku wa mama, ambao wana banda zuri kabisa, wakaamua kwamba hakuna mahali pa kutagia kama chini ya kitanda cha marehemu. Kila siku mama akawa anaingia mle gofuni kuokota mayai.

Msimu huo nilikuja kumsaidia kuvuna. Siku ya kwanza tu nikaona gamba la nyoka limening'inia dirishani kwenye ile nyumba, refu, limevuliwa zima kama soksi. Nikalichukua nikampelekea baba mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye mji wake umepakana na wa mama. Nilidhani atachukua panga. Alilishika lile gamba kwa mikono miwili, akaliangalia kwa upole ambao watoto wake hawajawahi kuuona.

"Msimguse," akasema. "Huyo ni kaka. Amekuja kuangalia mji wake."

"Kaka yupi, baba mdogo?"

"Kaka yangu. Baba yako."

Nikamwuliza, kwa adabu niliyobakiwa nayo, inawezekanaje mtu aliyeua nyoka maisha yake yote arudishwe duniani akiwa nyoka. Akaniambia mjini kumeniharibu. Nikampigia simu kaka mkubwa. Naye akasema, "Msifanye lolote mpaka nije." Fimbo ya mbali haiui nyoka, methali hiyo tulifundishwa darasa moja, mwalimu mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza kwa alama.

Mama hakubishana na mtu. Baba mdogo alimwambia, "Shemeji, ukiingia mle piga hodi, akusikie, ajue ni wewe." Basi mama akawa anapiga hodi. Nilimwona kwa macho yangu: mwanamke mzima amesimama mbele ya mlango usio na mlango, anasema hodi, anangoja kidogo, ndipo anaingia. Nikamwambia, "Mama, acha hayo mayai, tutanunua." Akasema mayai ya kununua ya nini na kuku anao.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka vizuri, nami natandaza mpunga kwenye turubai. Nilisikia hodi yake. Nilisikia pia ukimya unaofuata. Halafu nikasikia mama analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya msiba. Akatoka anapepesuka, mikono usoni, mayai yanamtiririka kwenye kitenge. Alipoinama kutazama chini ya kitanda, swila aliinuka akamtemea machoni.

Lazima nieleze macho ya mama. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani, halioni ila mwanga. La kushoto ndilo lililofanya kazi yote: kuchambua mchele, kusoma kitabu cha nyimbo kwenye jumuiya, kututambua sisi. Mate mengi yaliingia hilo la kushoto.

Nilikamata ndoo ya maji. Baba mdogo alikuwa ameshafika mbio, akashika ukingo wa ndoo upande wa pili.

"Usimwagie maji! Maji yanasambaza sumu! Atafutwe mama anayenyonyesha, yatiwe maziwa!"

"Achia ndoo, baba mdogo."

"Binti, nisikilize mimi!"

Tukavutana. Mama amepiga magoti mchangani anaungua macho, na mwanamume mwenye wajukuu anavutana na mimi ndoo. Nusu ya maji ilimwagika miguuni petu. Kila ninapokumbuka, hicho ndicho kipande kinachonichemsha damu kuliko vyote, kuliko hata nyoka mwenyewe. Mwishowe nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma baba yangu mdogo, na sijaomba radhi, na sitaomba. Nikamwosha mama kwa maji yaliyobaki.

Anayenyonyesha pale jirani ni mmoja tu, mke wa Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe zake miaka ya nyuma, ambaye baba mdogo hajawahi kumwitikia salamu vizuri kwa sababu ya ng'ombe kuingia shambani. Siku hiyo baba mdogo huyo huyo ndiye aliyekuwa anapiga kelele mwanamke huyo atafutwe. Yule mama alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni, ndoo yake kichwani. "Mayu, mayu, inua uso," alikuwa akimwambia mama, na kwa Kisukuma mayu ni mama. Alimimina maji taratibu mpaka yakaisha, akakimbia kuchota mengine. Mimi nikakimbilia barabarani kutafuta bodaboda.

Niliporudi na bodaboda, baba mdogo alikuwa anajifuta mikono, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Amekamua majani machoni mwa mama. Majani gani, hakusema. Alisema tu ni dawa ya kwao wazee. Mama alikuwa ameacha kulia, anatetemeka. Yule jirani aliporudi na ndoo yake, akaona ukijani kwenye mashavu ya mama, akaitua ndoo chini.

Hospitali ya Ifakara, nesi alifunua kope la mama, akageuka kunitazama mimi. "Nani kaweka majani humu?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi. "Nimeweka mwenyewe, mwanangu," akamwambia nesi. Hata pale, jicho limevimba limefumba, alikuwa anamsitiri shemeji yake. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido mpaka nilipoweza kurudi bila kupiga ukuta ngumi.

Tulikaa Kibaoni kwangu mpaka matibabu yakaisha. Jicho halikutolewa, namshukuru Mungu. Lakini kidonda kiliacha kovu jeupe katikati ya mboni, na daktari akasema kwa lile kovu hana dawa. Mama anaona kama mtu anayetazama kupitia chandarua, na chandarua chenyewe kichafu. Mchele anauchambua kwa vidole. Kitabu cha nyimbo amekigawa.

Siku niliyomrudisha nyumbani nilimkalisha kibarazani, nikaenda kwa jirani Msukuma nikaazima sululu. Nilikuwa sijaangusha hata tofali moja, nimesimama tu mbele ya ukuta wa dirishani, baba mdogo akatokea anapiga mayowe. Laana, mila, ukoo, mwanamke kushika sululu, vyote alivitaja kwa pumzi moja. Alipoona simsikilizi akampigia kaka simu na kuweka sauti kubwa.

"Nani kakupa ruhusa?" sauti ya kaka ikatoka kwenye simu, na nyuma yake nasikia honi za magari. "Mimi ndiye mkubwa. Subiri Desemba nije. Unataka kumfukuza baba kwenye nyumba yake?"

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Nilikuwa nimeyapanga tangu hospitali, mengine hayafai kuandikwa. Lakini mama aliinuka kibarazani, akaja anapapasa ukuta wa nyumba yake, kisha akavuka uwanja mikono imetangulia mbele. Akanyoosha kiganja, na baba mdogo akampa simu.

"Mwanangu," akasema, "baba yako nimeishi naye ujana wangu wote. Tumegombana, tumenuniana, kuna siku alikataa chakula changu. Hakuwahi kunitemea mate. Huyo aliyemo mle simjui. Nilimpigia hodi."

Baba mdogo alitazama chini. Mama akamrudishia simu yake, akaniuliza ukuta uko upande gani. Nikamshika mabega nikamwelekeza, nikamwekea sululu mikononi, na tofali la kwanza la nyumba ile likaangushwa na mtu aliyeyafyatua yale matofali pamoja na baba kabla sisi hatujazaliwa. Pombe haikumwagwa. Yaliyobaki nilibomoa mimi, na jirani akaja na mumewe, na ilipofika saa za mchana baba mdogo naye akaanza kuokota nyasi za paa bila kuombwa. Sikumsemesha.

Swila alitoka tulipofika chumbani. Alipita mchangani mbele yetu sote, mweusi, hana haraka, akaelekea mpunga. Fimbo ya baba ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwacha aende, kwa sababu siku hiyo mtu niliyetaka kumpiga hakuwa yeye.

Kaka alikuja Desemba, safari hii kweli. Mimi nilikuwa jikoni, nikamwona kupitia uwazi wa mlango. Aliingia bila kupiga hodi, akiwa na mabegi yake mikononi, akasimama pale ilipokuwa nyumba. Tumepafagia, mchanga mtupu, kama baba alivyotaka. Alipatazama muda mrefu akitikisa kichwa, na nilijua anatafuta la kulalamikia. Kisha akageuka akamsogelea mama kibarazani, akasimama mbele yake, karibu kabisa, hajasema neno. Labda alikuwa anaangalia lile kovu.

Mama aliinua uso akamtazama. Alimtazama kwa heshima, kama anavyomtazama yeyote anayekuja.

"Karibu mgeni," akasema. "Ukimtafuta binti yangu, yuko jikoni. Nikuitie?"

Sikutoka haraka. Nilikoroga mboga, nikapunguza moto, nikamwacha asimame pale.