Foleni ya Mawe Bombani

Kompyuta yangu ilisema hakuna foleni, na mimi mjinga nikaiamini.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Didia kumalizia utafiti wa shahada ya pili. Ndani ya kompyuta nilijenga kituo cha data cha kuigiza, seva zikitumiana pakiti za data kupitia swichi, kifaa kinachozielekeza pakiti kwenye seva zinakokwenda. Nilipima jumla ya data inayofika kila sekunde, na urefu wa foleni kwenye swichi. Grafu zilitoka nzuri mpaka nikazionea fahari. Kisha msimamizi wangu akapiga simu.

"Foleni hakuna, lakini pakiti zinachelewa. Zinachelewea wapi? Bila jibu, hutetei utafiti huu mwaka huu."

Nikakosa raha kabisa, nikawa mkali hata kwa kuku.

Asubuhi moja mama akanituma maji. Bombani nilimkuta jirani yetu peke yake, anakinga. Nikafurahi, nikatua ndoo yangu nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Chuo kimekusahaulisha foleni? Huyaoni mawe?"

Kweli, mawe yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye uzio wa minyaa. Kwetu mtu huweka jiwe lake, akaenda zake kupalilia. Zamu ikikaribia, anarudi. Nimekulia hapa, na bado nilihesabu waliosimama tu. Aibu ilinishika, halafu moyo ukaruka. Hata kwenye utafiti nilifanya hivyohivyo! Pakiti zilikuwa zinasubiri nyumbani kwao, ndani ya seva, kabla hazijafika kwenye swichi.

Niliiacha ndoo nyuma ya jiwe la mwisho, nikatoka mbio. Jirani akauliza kwa sauti kama nimeona nyoka. Nyumbani nilibadilisha programu ihesabu na zile zinazosubiri kwenye seva, nikaiwasha, nikarudi bombani. Nilikuta ndoo yangu imeshasogezwa mbele. Sikujua ni nani aliyeisogeza, nikawashukuru wote.

Niliporudi na maji kichwani, grafu ilikuwa tayari. Mstari wa foleni ulikuwa umepanda, hata asiye na miwani angeuona. Nikamtumia msimamizi, naye akajibu kwa ujumbe mfupi: "Sasa naiona. Jiandae kutetea."

"Foleni ipo!" nilipiga kelele, machozi yananitoka kwa furaha. "Tena ndefu!"

Mama alichungulia kutoka jikoni, akaitazama ndoo iliyojaa, akanitazama na mimi.

"Maji umeshateka," akasema. "Sasa foleni inakuliza nini?"