Chumvi Chini ya Pikapu

Mume wangu Jamaldin ni fundi wa umeme wa magari hapa Makutano, Meru. Mwaka wa kumi na tisa huu tangu anioe, na bado hajajua kunisifia pilau. Lakini gari likiugua waya, atakaa nalo kutwa nzima akilibembeleza kama mtoto mwenye homa.

Ana sheria moja, na naisema mapema kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Yeye ni wa waya. Breki zenyewe, paipu zake na mafuta yake, ni kazi ya Kobia, mekanika wa kibanda cha pili. Pale Makutano fundi hali mkate wa mwenzake. Ukiona kitu cha mwenzako kimeoza, unanyamaza, usije ukaambiwa unajitia ujuzi. Mimi sheria hiyo niliiona ya kijinga siku zote, na nilimwambia, lakini nani humsikiliza mke?

Jumatano asubuhi kaka yangu Abubakar alileta pikapu yake. Abubakar ana bucha Majengo, na kila wiki hukusanya ngozi za ng'ombe, huzipaka chumvi zisioze, kisha huzipeleka kwa mnunuzi Runyenjes. Kwenda huko lazima ushuke mteremko wa Nithi, na hapa kwetu hakuna asiyemjua mtu aliyefia pale kwa ajali. Taa ya ABS, ile ya onyo la breki, ilikuwa imewaka kwenye dashibodi kwa wiki mbili. Kaka yangu, ambaye kwa kawaida huendesha kama anayefukuzwa na nyuki, alikuwa sasa akishuka Nithi kwa gia ya pili huku jasho likimtoka. Alitaka taa izimike, basi.

Nilikuwa nimepeleka chai ya saa nne, nikakaa kutazama. Jamaldin alichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu za gari. Kompyuta ya injini ikajibu. Ya mifuko ya hewa ikajibu. Ya breki, kimya. Fyuzi ilikuwa nzima na umeme ulikuwa unafika. Akanieleza, maana huyu mtu huongea akiwa kazini tu, kwamba kompyuta za gari husemezana kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, na mmoja ukikatika, ile ya breki inabaki kama kiziwi kwenye mkutano. Akapima ukinzani wa waya: omu mia moja na ishirini badala ya sitini. Waya umekatika mahali. Kwenye gari lile kompyuta ya breki imefungwa kwenye chesi, ile fremu ya chuma ya chini, usawa wa mlango wa dereva, basi akaingia mvunguni. Soketi ilikuwa imejaa ukungu wa kijani wa kutu ya shaba, na pini moja ilikatika alipoigusa.

Alisema kutoka mvunguni kwamba ni kama ya Riungu kabisa. Riungu naye ni mchuuzi wa ngozi, na gari lake lilikuwa na ugonjwa huohuo wiki iliyopita. Jamaldin alilimaliza kwa saa moja.

Alibadilisha pini, akamenya waya kwa meno kama kawaida yake, akaunganisha. Mashine ikaita, breki zikajibu, taa ikazimika. Abubakar akanitania kwamba angalau nilipata mume mwenye akili, hata kama hana maneno. Kisha akaondoka na ngozi zake kwa mbio zake za zamani. Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Saa saba nilirudi na chakula. Jamaldin alitia mdomoni tonge la kwanza la ugali, mkavu, hata mchuzi hajaugusa, akasema chumvi imezidi. Nilipandwa na hasira. Nikamwuliza ni lini aliniona natia ugali chumvi. Alilamba midomo taratibu, akaisukuma sahani.

Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba chumvi ile ilitoka kwenye waya alioumenya kwa meno, na ule ukungu haukuwa wa mvua. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye ngozi na kupita chesi nzima. Na paipu ya breki za nyuma ni ya chuma, inapita palepale. Nikamwuliza kama aliiona.

"Ilikuwa karibu na pua yangu," alisema. "Imevimba kutu. Nikasema hiyo ni ya Kobia."

Tukampigia Abubakar. Simu iliita, haikushikwa. Mara nne. Nikahesabu njia kichwani: Nkubu, Chogoria, sasa yuko Nithi. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Saa nane kasoro robo Abubakar akapiga mwenyewe. Ameshafika Runyenjes, anauliza kuna moto wapi. Jamaldin akamwambia asiguse usukani. Aingie mvunguni, chini ya mlango wa dereva, aikamate paipu ya breki, aibane kidogo kwa vidole. Tukamsikia akihema, kokoto zikisagika chini ya mgongo wake.

"Shemeji," alisema. "Imebaki mkononi mwangu. Mafuta yanamwagika."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, nikasema alhamdulillahi, nikalia. Jamaldin hakulia. Aliuliza tu kama leo amemwona Riungu. Abubakar akasema ndiyo, wamepishana mlangoni kwa mnunuzi. Riungu alikuwa anatoka, anarudi Meru, na kurudi pia ni kushuka Nithi, kwa upande wa pili.

Simu ya Riungu nayo iliita bila kushikwa. Nikakimbia kwa mkewe Kanini, ambaye anauza nafaka ng'ambo ya barabara. Nilimkuta akichambua maharagwe. Sikujua nianzie wapi, nikamwuliza kama mumewe huwa anashika simu akiendesha.

"Hashiki, Mama Aminah," alisema, akatabasamu. "Lakini usiwe na wasiwasi. Tangu bwana yako amzimie ile taa, anaendesha bila uoga."

Nilimwomba simu yake. Tukampigia pamoja, na iliita mpaka ikakatika.