Rafiki Yangu wa Funyula

Hii aibu acha niiseme mwenyewe. Mimi ni karani wa mizigo hapa Malaba, na kwa miaka miwili mzee mmoja wa Funyula, ambaye hatukuwahi kuonana, alinisalimia mtandaoni kila asubuhi. Mke wangu aliponiacha, ni yeye aliyenituliza. Nilipoona tangazo la kifo chake, nikaenda mazishini.

Mfawidhi alipoita marafiki wa marehemu, nikanyakua maikrofoni kama mwanasiasa.

"Mzee aliniandikia kila siku!"

Watu wakaguna. Ndugu yake akasema taratibu, "Boss, mzee alikuwa kipofu miaka kumi."

Sasa nilikuwa nikichati na nani? Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa marehemu: "Keti chini, mwanangu. Utaniaibisha."

Nikainua macho. Mjane alikuwa akificha simu ndani ya leso.