Uzi Uliolegezwa kwa Makusudi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na watu wanamwita Pindo. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hawezi kuona pindo lililokaa upande akanyamaza, hata kama nguo imeshonwa na fundi mwingine na mvaaji anapita zake. Mimi napiga pasi na kushona vifungo katika chumba hicho hicho, kwa hiyo haya niliyaona kwa karibu. Mwenyewe ameniruhusu kuyaandika. Alisema, "Andika yote, ila usiseme kwamba nililia." Hakulia.

Tulianza kuona tofauti pale alipoacha kukaa vizuri. Akawa anashona amepiga goti moja juu ya kiti, mguu wa pili unakanyaga cherehani, mgongo umepinda. Mama muuza vitambaa wa duka la jirani akamwuliza:

"Pindo, unashona au unaomba radhi?"

"Naomba radhi, mama. Gauni lako bado sijaligusa."

Tukacheka. Lakini alipogeuka niliona jasho kwenye paji la uso wake, na asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Tumbo lilimsumbua tangu ujana. Ataharisha majuma mengi, atakonda, atapata nafuu, kisha litarudi. Hospitali walishamwambia ana ugonjwa wa utumbo unaovimba na kutoka vidonda. Hauambukizi, wala hauishi moja kwa moja, ila unatulizwa kwa dawa. Dawa hizo alimeza siku alizokumbuka. Sasa palikuwa na uvimbe pembeni ya njia ya haja kubwa, unauma na kutoa usaha. Yeye aliamua kuwa ni bawasiri. Muuza dawa mmoja wa sokoni alikwisha kumwahidi kuikata, aingie asubuhi na mchana awe kazini.

Dada alisikia habari hiyo akiwa anaosha vyombo. Akaacha maji yakitiririka.

"Mume wangu, suruali ya mtu ikichanika, anaipeleka kwa kinyozi?"

"Anamletea fundi."

"Basi na wewe vaa viatu, twende kwa fundi."

Nilikwenda nao, maana alihitaji bega la kushika. Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono midogo. Alimpima, akampiga picha, kisha akatueleza kwamba hiyo haikuwa bawasiri. Utumbo wenye vidonda ulikuwa umetoboa njia nyembamba kutoka ndani hadi kwenye ngozi, na usaha umejaa humo kama jipu. Tena njia hiyo ilipita katikati ya msuli unaobana haja.

"Msuli huu ukikatwa ovyo," alisema, "haja itakuwa inatoka bila kukuuliza."

Pindo aliinamisha kichwa. Kazi yake ni kusimama karibu na watu, kuwazungushia tepu kifuani na kiunoni. Nani angekubali kupimwa na fundi anayenuka? Tangu saa ile hakuogopa maumivu tena. Aliogopa kuupoteza ule msuli.

"Na hivi vinyama vinavyoota pembeni ya njia ya haja?" aliuliza. "Vikatwe basi, tumalize yote."

"Vimekukosea nini? Viache. Kwa mtu mwenye utumbo kama wako, kidonda cha pale huchelewa kupona. Hata ungekuwa na bawasiri kweli, nisingekimbilia kisu. Kwanza tutulize utumbo."

Alimtoa usaha akiwa amelazwa usingizi. Kisha akapitisha uzi laini ndani ya njia ile, ukaingilia kwenye tundu la ngozi na kutokea kwenye njia ya haja, akaufunga kitanzi kilicholegea. Alimpa vidonge vya kuua vijidudu, akampangia dawa ya kutuliza utumbo ya kuingizwa mshipani, na akamwambia awe anakalia beseni la maji ya uvuguvugu. Kuhusu uzi alisema tu kwamba ukae.

Sasa, mjue mtu mwenyewe. Katika chumba chetu nguo haitoki na uzi unaoning'inia. Pindo huigeuza ndani nje dirishani, akawinda kila ncha kwa kimkasi anachokivaa shingoni kwa utepe. Maumivu yalipopungua, alichukua kioo cha wateja akajifungia bafuni. Alitoka anatabasamu.

"Shemeji, yule mama kupasua anajua, lakini fundo hajui kabisa. Uzi umelegea, unacheza huku na huku! Nimemsaidia, nimeukata nikauvuta nje."

"Umeukata?"

"Tik. Hata sikusikia."

Mimi si mtu wa kubishana. Niliweka pasi chini, nikaenda moja kwa moja kumwambia dada. Alikuja mbio, lakini Pindo alikuwa amekaa kitini kama bwana harusi, anapiga mluzi. Akasema tundu linaziba, sasa hospitali akafanye nini? Alizidi kujisifu mpaka homa ilipomshika. Tulipomwinua kumrudisha hospitali, hakuweza kubana miguu kwa maumivu.

Daktari alimtazama mara moja tu.

"Uzi wangu uko wapi?"

"Ulikuwa umelegea, daktari. Nikaukata."

"Ulilegea kwa sababu niliulegeza."

Dada akasema taratibu, "Leo umepata wa kukuambia."

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Sikukushona mimi. Ule uzi unazuia mdomo wa tundu usifunge kabla ya ndani kupona. Ulipoutoa, ngozi iliziba na usaha ukabaki ndani, unatafuta pa kutokea. Safari hii msuli umesalimika. Nisingependa tuupe nafasi nyingine."

Pindo alifikiri, uso umekunjamana. "Kwa hiyo kazi yake ni kulegea."

"Ndiyo kazi yake yote."

"Na tundu atalishona nani?"

"Halishonwi sasa. Dawa itatuliza utumbo, na mwili wenyewe utajaribu kuziba. Ukishindwa, ziko njia nyingine, tutazungumza."

Uzi ukarudishwa. Kuanzia hapo hakukosa hata dripu moja, na vidonge alivimeza mbele ya dada bila kuambiwa. Kwa ajili ya unyevu uliokuwa ukitoka alijishonea vitambaa laini vya kuweka ndani ya chupi, kila kimoja kimepindwa kingo zote nne. Mama muuza vitambaa aliviona mezani akauliza ni vya mtoto gani.

"Wa kwangu," Pindo akajibu. "Mkubwa kidogo."

Akaanza kunenepa mashavu. Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni alipigwa picha nyingine. Daktari aliishika kwenye mwanga akatuonyesha: utumbo umetulia, msuli ni mzima, na ile njia imekauka karibu yote, isipokuwa sehemu moja yenye unyevu.

"Naweza kuutoa leo," alisema, "ila naona bora tusubiri. Wewe ndiye unayeuvaa, unasemaje?"

Nilimtazama shemeji. Vidole vyake viliigiza mkasi, vikafungua na kufunga, kisha akavikalia.

"Uache, daktari. Mpaka wewe useme."

Nje, dada alikuwa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. "Umetolewa?" akauliza kwa kunong'ona.

"Bado," Pindo akajibu kwa sauti ya dukani. "Uzi unabaki, msuli mzima, haja naizuia mwenyewe."

Watu walitazama sakafu. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, ingawa benchi lilikuwa na nafasi, akasogea.

"Samahani, kaka. Uzi gani?"

Pindo akamshika mkono, wakasimama pembeni, akaanza kumchorea kwa kidole ukutani. Dada alinipisha nafasi nikakaa. Maelezo ya Pindo huwa marefu.