Seli za Batuli zilipokataa kupita

Jua la Bagamoyo limeshaanza kuchoma mabati, lakini ndani ya maabara kuna ubaridi. Batuli Shuaibu (34) ameinamia hadubini. Chini yake, seli nyeupe za damu zinafika kwenye kijifereji chembamba kuliko unywele, zinagota, zinasimama. Nyingine zinarundikana nyuma.

"Feisal, hebu njoo. Hiki kioo kimeziba."

"Kimeziba, au umekiosha kwa uji?" mwenzake anamtania.

Feisal anaweka damu yake mwenyewe kwenye kioo kipya. Seli zinajikunja, zinajinyoosha, zinateleza kama mlenda. Wanaweka ya Batuli. Zinakwama tena.

Mzaha unaishia hapo.

Hayo yalitokea mwezi uliopita, katika maabara ndogo ya utafiti ambako Batuli, mzaliwa wa Mlingotini, ni fundi sanifu.

"Seli nyeupe ni askari wa mwili," anaeleza. "Ikiwa imetulia huwa laini, inapenya hata kwenye mshipa mwembamba kabisa. Ikisikia adui kaingia, nyuzi za ndani yake zinakazana. Inakakamaa kama donge la unga lililoachwa juani. Haipiti kirahisi tena."

Ili kupata damu ya kulinganisha na ya wagonjwa, wafanyakazi wenye afya hutoa yao kwa zamu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Batuli. Alipoulizwa kama anaumwa, alisema hapana, wala hakudanganya. Jino lililomtesa wiki nzima lilikuwa limenyamaza, maana alilibania karafuu kama alivyofunzwa na mama yake, akameza na dawa za maumivu.

"Nilijua nimepona," anasema, kiganja shavuni. "Kumbe yaliyoondoka ni maumivu tu."

Kifaa wanachokijaribu, kile kioo chenye vijifereji, hakitaji ugonjwa. Kinaonyesha tu kwamba askari wameamka. Aliyeng'amua ni Feisal.

"Dada Batuli, mbona unanukia karafuu kama sinia la pilau?" Kisha akauona uvimbe chini ya taya. "Leo hufanyi kazi. Twende hospitali."

Daktari alikuta jipu kwenye mzizi wa jino, usaha ukishuka kuelekea shingoni.

"Aliniambia, 'Mama, ungechelewa kidogo, lingekuziba pumzi.' Nina mtoto ananyonya."

Jino liling'olewa, usaha ukatolewa, naye akalazwa. Mpaka leo hajatulia. "Askari wangu wako vitani, mwenyewe nacheka, nakunywa chai."

Kifaa bado ni cha majaribio. Batuli anajiandaa kurudi chuoni akajifunze kukiunda kiwe kidogo, kibebeke kwenye mkoba hadi zahanati za Kiwangwa. Huko mumewe, Shamsudin, analima mananasi, na wakulima hawajali kuchomwa na miiba mpaka mkono uvimbe.

"Nitaanza na yeye," anasema. "Ana mwiba kidoleni tangu Ijumaa. Nikimwambia aende zahanati, ananijibu hauumi."