Ukuta wa Mzee Salvator

Donatille alikuwa mwalimu wa Kiswahili na, kwa miaka sita, mlezi wa klabu ya huduma katika shule moja ya mtaa wa Kimisagara. Kila Jumamosi aliwapandisha wanafunzi mlimani kwa Mzee Salvator, kipofu aliyeishi peke yake. Mwalimu na mzee wote walikulia Bujumbura, na mzee alimpenda kwa ajili ya Kiswahili chake cha huko tu.

Mwezi wa tatu ukuta wa nyuma wa nyumba ya mzee ulipata ufa. Liliane, binti wa mzee, muuza nguo karibu na njia panda ya Sonatubes, akaja kumchukua akaishi kwake. Mzee akagoma. Hapo Donatille akaingilia.

"Dada, mwache wiki tatu tu. Watoto watamjengea ukuta mpya."

Liliane akamtazama baba yake, akakubali shingo upande.

Wanafunzi wakabomoa ukuta wa zamani, wakafyatua rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa, wakayaanika uani. Lakini haikupita siku bila mvua. Munyaneza, fundi mwashi aliyejitolea kuwaelekeza, alibonyeza tofali moja kwa kidole gumba, kikazama.

"Mwalimu, haya bado mabichi. Tungoje."

"Wageni wa wilaya wanakuja Ijumaa kuona kazi za klabu. Tukingoja, watakuta shimo."

Fundi akashika mwiko. Ijumaa wageni walipiga makofi, na Mugeni, msichana mwenyekiti wa klabu, akasoma hotuba huku mzee amemshika mkono.

Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane mchana ukuta ukamwangukia mzee kitandani. Majirani walipomfukua, alikuwa ameshakata roho.

Mugeni alimkuta mwalimu ameketi ofisini, viatu vimejaa tope.

"Mwalimu, ni ule ukuta wetu?"

Donatille alitamani kusema ni mvua. Mkuu wa shule alikwisha kuandika hivyo kwenye ripoti.

"Ni ule. Lakini fundi aliniambia tungoje, nikakataa. Ninyi hamkujua."

Msichana akatoka. Hakurudi tena kwenye klabu.

Msibani Donatille alipiga magoti mbele ya Liliane, akasema yote, hata habari ya wageni. Wanawake waliokuwa wakisali rozari wakamgeukia.

"Siku ile uliponiomba nimwache, nilikuwa nimeshafunga nguo zake," Liliane akasema.

"Najua."

"Basi usije kulia kwangu. Nenda."

Akaenda. Aliiandikia wilaya barua, akaeleza kosa lake na kuacha ulezi. Hakuna aliyemjibu, hakuna hata aliyemwita kumuuliza, na hilo lilimwuma kuliko kama angefukuzwa kazi. Mwezi wa tano klabu ikapewa mlezi mwingine. Jumamosi watoto walipita mbele ya nyumba yake na majembe begani, wakamwita kwa sauti kumsalimu. Aliitikia kutoka ndani, bila kufungua mlango.